Sisplatini nimeipa nyota nne, wala sio kwa huruma

Naanza na hukumu kabisa maana najua wengi hamfiki chini. Kwa kazi iliyoletwa kufanya, yaani kuua seli za saratani, sisplatini naipa nyota nne kati ya tano. Kwa tabia zake mtu akiwa kalala na dripu mkononi naipa moja na nusu, na hiyo nusu ni kwa vile nywele haizimalizi. Sasa ukija kwenye huduma inayoizunguka, maji, dawa za kuzuia kutapika, sista anayepita kuuliza umekojoa kiasi gani, hapo nyota zinaanzia sifuri mpaka tano inategemea umeangukia wodi gani na zamu ya nani. Na hicho ndo kilichonifanya niandike, kwa sababu watu wanaisifu au kuilaani hii dawa kumbe nusu ya walichokiona kilitoka kwenye dripu ya maji ya chumvi iliyotangulia.

Mi ni mtu wa famasia ya hospitali hapa Tanzania, upande wa kuchanganya dawa za kemo. Na nimekaa pia upande wa pili, kwenye kile kiti cha plastiki pembeni ya kitanda, maana mama yangu mdogo alipewa hii hii kwa saratani ya mlango wa kizazi, pamoja na mionzi. Hospitali siitaji, haisaidii kitu.

Tuanze na bidhaa yenyewe. Inakuja kwenye kichupa cha kioo, mara nyingi cha kahawia kwa sababu dawa haipendi mwanga, ina miligramu 1 kwa kila mililita kwa hiyo hesabu ni rahisi. Ukiitazama ni maji tu, labda na umanjano wa mbali. Wagonjwa wanaoijua kwa sifa huwa wanategemea kitu cha kutisha kama ile dawa nyingine ya kemo, doksorubisini, nyekundu, wakiona hii wanadhani wamewekewa maji matupu, afu jioni ndo wanajua ilikuwa nini. Uhifadhi wake una vituko. Mtu mgeni wa stoo anaisukumia kwenye friji na vinblastini na wenzake akijua kila dawa ya kemo inakaa baridini, kumbe hii ukiipoza inatoa chenga chenga chini, inataka joto la kawaida la chumba. Nyingine, haitakiwi kukutana na alumini, ikigusana nayo inafanya weusi na nguvu inapotea, ndo maana kwenye karatasi ya maelezo wameandika usitumie sindano wala seti yenye sehemu ya alumini. Na haichanganywi na maji matupu wala dripu ya sukari peke yake, inataka maji ya chumvi. Hili la chumvi lishike vizuri maana ndo siri yote ya hii dawa.

Iko hivi. Katikati kuna chembe moja ya platinamu, ndio, hiyo hiyo ya pete za bei mbaya. Upande mmoja imeshika kloridi mbili, hiyo kloridi iliyomo kwenye chumvi, upande wa pili amonia mbili, zote bapa kwenye meza moja. Kwenye damu kloridi ni nyingi, kama milimoli 100 kwa lita, kwa hiyo zile kloridi za dawa zinatulia mahali pake na dawa inazunguka bila kushika chochote sana. Ikishaingia ndani ya seli mambo yanabadilika, kloridi huko ni chache mno, kati ya milimoli 4 na 20, basi platinamu inaziachia kama mtu anavyovua viatu mlangoni, maji yanakaa pale zilipokuwa, na hapo imekuwa kali kweli kweli. Inaenda moja kwa moja kwenye DNA na kung'ang'ania guanini (moja ya herufi za DNA) mbili zilizopakana, uzi wa DNA unapinda, seli ikitaka kugawanyika inakuta njia imekunjwa, ikijaribu kutengeneza inashindwa, inajiua. Ukizipanga zile kloridi kimshazari, moja huku nyingine kule, una dawa yenye chembe zile zile kabisa, uzito ule ule, na haitibu chochote cha maana. Mpangilio tu. Mi huwa nikifika hapa nakaa kimya kidogo, maana hiki kitu kilitengenezwa na Mwitaliano Michele Peyrone miaka ya 1840, Alfred Werner akaja kueleza umbo lake 1893 bila hata mashine ya kuliona, na miaka yote hiyo kikawa kinakaa kwenye vitabu vya kemia hakuna anayejua kinaweza kumgusa binadamu.

Aliyekigundua kama dawa hakuwa anatafuta dawa. Barnett Rosenberg, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan huko Marekani, alitaka kujua kama umeme unaathiri jinsi seli zinavyogawanyika, akaweka bakteria wa E. koli kwenye chombo akapitisha umeme kwa vipande vya platinamu, alichagua platinamu sababu kila mtu alijua haifanyi kitu, haili wala hailiwi. Bakteria wakaacha kugawanyika wakawa wanarefuka tu, wengine mpaka mara 300 ya urefu wao. Yeye na wenzake, akina Loretta Van Camp, wakahangaika wee mpaka wakagundua umeme hauna kosa, ni ile platinamu ilikuwa inamong'onyoka kidogo kidogo na kuungana na amonia na kloridi zilizokuwa kwenye chakula cha bakteria. Wakatangaza 1965, 1969 wakaonyesha inayeyusha uvimbe kwenye panya, 1971 ikaingia kwa mgonjwa wa kwanza, mwisho wa 1978 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaipitisha kwa saratani ya korodani na ya ovari.

Na kwenye korodani ndo ilipojenga jina, hapa hata mimi mgumu wa kusifu nainua mikono. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kijana akiwa na saratani ya korodani iliyosambaa mapafuni, aliyepona alikuwa kama mmoja kati ya kumi. Mwaka 1974 daktari Lawrence Einhorn pale Indiana akaichanganya na vinblastini, ambayo inatoka kwenye lile ua la Madagaska, na bleomisini, akampa mwanafunzi mmoja anaitwa John Cleland aliyekuwa ameshaishiwa dawa zote. Uvimbe ukapotea kwenye picha za kifua. Leo hata kwa walioenda mbali wanapona karibu wanane kwa kumi, na ukijumlisha wote wanapita 90%. Lance Armstrong yule wa baiskeli alipita humo humo 1996, mambo mengine yake tuyaache. Nyota nne zangu zimetoka hapa, sijui dawa nyingine ya saratani za uvimbe, sio zile za damu, iliyogeuza meza hivo.

Kwa mama mdogo na wenzake hesabu ni nyingine. Kwa wanawake wa Tanzania saratani ya mlango wa kizazi ndo inayoongoza, na wengi wanafika hospitali uvimbe umeshakua hauwezi kukatwa, kwa hiyo tiba kubwa ni mionzi. Mwaka 1999 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliwatangazia madaktari, baada ya majaribio matano kuelekea upande mmoja, kwamba mionzi ikiongezewa sisplatini wanawake wanaishi zaidi kuliko mionzi peke yake. Tangu hapo dunia nzima ni hivo, kila wiki miligramu 40 kwa mita ya mraba ya mwili, kwa wiki tano au sita za mionzi. Dozi yenyewe ni ndogo kuliko ile ya korodani, kazi yake hapa ni kulegeza uvimbe ili mionzi ipige vizuri. Mama mdogo alinisikiliza nikimweleza haya yote afu akaniuliza, "Mwanangu, sasa hiyo madini mwilini itatoka?" Nikamjibu nyingi itatoka kwenye mkojo, mama, ila sio yote, na sikumdanganya, kwa watu waliotibiwa wameikuta platinamu kwenye damu hata baada ya miaka 20.

Sasa ubaya wake. Figo kwanza. Platinamu inapotoka inapitia kwenye mirija ya figo na kuikwangua njiani, na zamani kabla watu hawajajua namna ya kuitumia karibu iachwe kabisa kwa sababu hiyo, wagonjwa walikuwa wanapona uvimbe wanabaki na figo zilizokufa. Kilichoiokoa ni maji. Watafiti wa New York, akina Cvitkovic, walionyesha 1977 kwamba ukimjaza mgonjwa maji ya dripu na dawa ya kukojoza, figo zinavumilia dozi kubwa. Basi, maji. Lita moja mpaka mbili za maji ya chumvi kabla na baada, na siku hizi tunaongeza magnesiamu ndani maana hii dawa inaitoa magnesiamu kwenye mkojo kama haina mwenyewe, ikishuka mtu anakakamaa misuli, anatetemeka, moyo unaruka. Na unataka mkojo utoke kama mililita 100 kwa saa. Hapo ndo nyota za huduma zinapocheza. Sehemu moja niliyoona (sio nilipo sasa) foleni ikiwa ndefu dripu ya kwanza inafunguliwa mpaka mwisho ipite haraka haraka kitanda kipatikane, magnesiamu "imeisha stoo, wiki ijayo", kreatinini (kipimo cha damu cha kujua figo zikoje) ya wiki hii haijarudi kutoka maabara wanatumia ya wiki iliyopita. Afu mgonjwa akiharibika figo tunasema sisplatini kali. Kali ndio, lakini jamani!

Kwa mama mdogo ilikuwa tofauti kabisa, kulikuwa na sista mmoja mtu mzima pale, mkali huyo, ana daftari lake la mkojo, mgonjwa akitoka chooni anamuuliza "mama, kipimo kinasoma ngapi?" na usipojua kusoma alama anakuja mwenyewe. Nyota tano, na angekuwa anauzwa dukani ningenunua kumi.

La pili kutapika. Kwenye orodha ya dawa za kemo zinazotapisha hii iko juu kabisa, bila kinga zaidi ya 90% wanatapika. Zamani mtu akisikia ni siku ya dozi anaanza kutapika kwenye daladala hajafika hata getini. Ondansetroni ilipokuja mwanzoni mwa miaka ya 90 ikatuliza ile ya siku ya kwanza, ukiongeza deksamethasoni inatulia zaidi. Lakini sisplatini ina ujanja mmoja ambao wengi hawaambiwi, inarudi. Siku ya kwanza uko fresh, unakula hadi chipsi, unapiga simu kwa ndugu unasema mbona hii dawa wanaisingizia, afu siku ya pili na ya tatu upo na beseni. Mtu karuhusiwa, yuko nyumbani Mbagala au sijui Kibaha, ana vidonge viwili vya ondansetroni vimeisha. Kinachosaidia sana ile ya kuchelewa ni olanzapini, kidonge kimoja usiku, na ni rahisi kwa bei kuliko aprepitanti, dawa nyingine ya kuzuia kutapika. Shida ni kwamba olanzapini kiasili ni dawa ya magonjwa ya akili, mtu anafungua karatasi ya ndani anasoma, anaona ameambiwa kichaa. Mama mdogo aliificha chini ya godoro mpaka tulipomkalisha tukamweleza, na akaanza kuimeza akawa analala kama mtoto na uji asubuhi unakaa tumboni. Onyo lake inaleta usingizi kweli, usiinuke ghafla kwenda chooni usiku. Na kwikwi, sijui kwa nini hakuna anayewatajia wagonjwa kwikwi, inakuja na deksamethasoni na sisplatini zenyewe, inaisha, usiogope.

Mengine yapo, ladha ya chuma mdomoni, ganzi kwenye vidole inayoanza polepole, seli nyeupe kushuka. Ila linaloninyima raha mimi ni masikio. Platinamu ikishafika kwenye sikio la ndani inakaa, haitoki, inaua vinyweleo vinavyosikia sauti na hivo havioti tena. Zinaanza kupotea sauti nyembamba, mlio wa simu, sauti ya mtoto, afu kuna ule mvumo usioisha. Kwa dozi za kila wiki wengi hawafiki huko ila kwa dozi kubwa na kwa watoto ni balaa, mtoto anapona saratani anabaki hasikii mwalimu darasani. Mwaka 2022 Marekani walipitisha sodiamu thiosalfeti kuwalinda watoto masikio, inapewa saa kadhaa baada ya sisplatini ikamate ile iliyobaki, kwa wenye uvimbe ambao haujasambaa. Kwetu sijaiona mezani. Nyota ya tano imeishia hapa hapa.

Mtu ataniuliza mbona usinunue toleo jipya. Toleo jipya lipo, kaboplatini, ilitoka kwa watu wa London pamoja na kampuni ya Johnson Matthey, Marekani ikapita 1989. Zile kloridi mbili wameziondoa wakaweka kitu kinachoachia taratibu, kwa hiyo figo zinapumua na kutapika kunapungua, na dozi unapiga kwa fomula ya Calvert ambayo inaangalia figo zako moja kwa moja, kitu ambacho mimi kama mfamasia nakipenda sana. Inakula plateleti (chembe za kugandisha damu) lakini, na kwenye korodani ilishindanishwa na sisplatini ikashindwa, kwa hiyo usimsikilize anayesema ni ile ile iliyolainishwa. Figo zikiwa mbovu tayari, au masikio, hapo ndo chaguo lako. Kuna oksaliplatini ya Wajapani wa Nagoya, ya 1976, hiyo ni ya utumbo mpana na ina kichekesho chake, baridi. Ukigusa chupa ya maji kutoka kwenye friji vidole vinachoma kama umeme, ukinywa soda baridi koo linabana, na sisi na joto la Dar unaweza kufikiria maisha yanakuwaje.

Zaidi ya hapo wakemia wamejaribu madini karibu yote. Titaniamu ilifika kwa wagonjwa ikaishia njiani. Rutheniamu ilishangiliwa sana, ile inayoitwa NAMI-A ya Trieste Italia ilionekana inazuia kusambaa kwenye panya, kwa binadamu ikapwaya. Platinamu ya kumeza, satraplatini, waliomba kibali Marekani wakaliondoa ombi wenyewe 2007 baada ya washauri wa mamlaka ya dawa kusema yasubiriwe matokeo ya nani kaishi zaidi, na yalipotoka ikaonekana haiongezi maisha. Nawaheshimu watafiti, ila kila nikisoma kichwa cha habari "madini mapya yashinda sisplatini mara kumi" naangalia kwanza kama ni kwenye kisahani cha maabara. Kwenye kisahani hakuna figo, hakuna mtu wa kutapika.

Bei na upatikanaji. Hataza, ile haki ya kampuni kuitengeneza peke yake, iliisha zamani, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo kwa dawa ya saratani ni rahisi, kinachokula hela ni vitu vya pembeni, vipimo, nauli, dripu. Kinachonikera ni kwamba zaidi ya nusu ya platinamu ya dunia inachimbwa Afrika Kusini na Zimbabwe nao wanayo, halafu dawa tunaipokea kutoka India. Na India yenyewe ikipiga chafya kila mtu anaugua, mwaka 2023 hata Marekani walikosa sisplatini, kiwanda kimoja tu huko Ahmedabad kilikaguliwa kikakutwa na madudu kikasimamisha uzalishaji, wakabaki wanaagiza China kwa dharura. Rahisi mno mpaka wachache ndo wanajisumbua kuitengeneza.

Kama unaanza wiki ijayo au unampeleka mtu, nenda umeshakunywa maji kuanzia jana yake, beba chupa kubwa, uliza kreatinini ya wiki hii imetoka ngapi na uiandike kwenye simu, uliza magnesiamu imo kwenye dripu au haimo, usiondoke bila dawa za kutapika za siku nne. Masikio yakianza kuvuma sema siku hiyo hiyo, usisubiri kliniki. Na tafadhali zile diklofenaki na ibuprofeni za dukani acha kabisa kipindi hiki, zinabana figo zile zile tunazozipigania, mama mdogo mgongo ulimuuma akamtuma mtoto dukani, nikakuta pakiti imeshafunguliwa, nikamwambia mama hapana, panadol. Na hata hiyo panadol pima joto kwanza kabla ya kumeza, ikisoma 38 au zaidi usijitulize nyumbani, seli nyeupe zinaweza kuwa zimeisha, bebaneni usiku huo huo mwende hospitali na faili lake.